Mwaka Baba Aliponunua Gari-Nyumba

Enzi zetu Makambako, mtoto wa dereva alimjua baba yake kwa mlio wa injini. Wenzangu mliokulia pale mtanielewa. Upepo wa Makambako hauna adabu, unatoka upande wowote unaotaka na kukuvua kofia mchana kweupe, na ndani ya upepo ule malori yalipita kutwa, yakienda Tunduma, yakirudi Dar es Salaam. Sisi tukiwa kwenye rede, au tumechuchumaa tunacheza mdako, tuliinua vichwa kwa pamoja, na mmoja akasema, "Hilo la baba yake Tumaini." Hakukosea hata siku moja. Niliuacha mpira wa soksi palepale vumbini nikakimbia.

Tumaini ndiye mimi. Baba yangu aliendesha lori la Mzee Salumu, msafirishaji aliyehamia Makambako kutoka Kondoa na kujenga gereji yake karibu na barabara kuu. Baba alipakia mbao na viazi, akaondoka, na tulipomwona tena wiki mbili au tatu zilikuwa zimepita. Alikuja na mkate wa mjini, sukari, na harufu ya dizeli iliyobaki kwenye mapazia hata baada ya yeye kuondoka. Alilala siku moja na nusu, akabadilisha shati, akaenda.

Nyumbani tulikuwa wawili, mimi na mdogo wangu Ezekia. Siku moja Baba alirudi baada ya kukwama mpakani zaidi ya mwezi. Eze alikuwa na miaka minne. Akajificha nyuma ya khanga ya Mama, akachungulia kwa jicho moja. Mama akamsukuma taratibu, "Nenda kamsalimie." Eze akatoka, akaweka mikono kichwani kama tulivyofundishwa, akasema kwa heshima zote, "Shikamoo mjomba."

Tulicheka sana. Majirani walicheka. Baba naye alicheka, akambeba, kisha akaenda kuoga na akakaa huko bafuni mpaka maji yaliyochemshwa yakapoa. Jioni ile hakumaliza ugali wake. Mimi nilikuwa darasa la nne, niliona, lakini sikuelewa nilichokiona.

Miezi michache baadaye, Wazungu wawili wazee, mume na mke, waliingia Makambako na gari ambalo hatukuwahi kuona mfano wake. Mbele lilikuwa lori dogo, nyuma lilikuwa nyumba. Nyumba kweli, si turubai. Lilikuwa na madirisha yenye mapazia ya maua ya njano, mlango wenye kitasa, na ngazi ndogo ya kukunja. Walikuwa wanazunguka nalo bara zima, na gia boksi ikawafia mbele ya gereji ya Mzee Salumu. Wakasubiri kipuri kutoka kwao. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Yule mzee akaanza kusumbuliwa na kifua kwa baridi yetu, na mkewe akachoka. Wakasema anayelitaka alichukue kwa bei yoyote ya maana, wao wanapanda ndege.

Baba akalitaka.

Hapa lazima nieleze jambo. Tulikuwa tunapanga vyumba viwili. Yakobi, pale Njombe, tulikuwa na kiwanja, na kuta za nyumba yetu zilikuwa zimefika kwenye linta. Kilichobaki kilikuwa paa. Mama alikuwa amelisubiri paa lile kwa miaka, na fedha za mabati zilikuwa tayari. Baba alizichukua fedha zile akanunua nazo gari lisilotembea.

Alilileta nyumbani linavutwa na lori, mchana wa Jumamosi, watoto wa mtaa mzima wakikimbia nyuma yake. Mama alikuwa anaanika mahindi. Alinyanyuka, akapangusa mikono, akaliangalia gari kuanzia mbele hadi nyuma.

"Baba Tumaini," alisema, "mimi nilikuambia mabati."

"Najua."

"Mabati. Umeniletea gari lenye mapazia."

Baba akafungua mlango, akashusha ile ngazi ndogo. "Ingia uone, Mama Tumaini. Ina jiko. Ina kitanda. Nataka nikisafiri, tusafiri wote."

"Nimeshaona," Mama akasema, akarudi kwenye mahindi yake.

Hata Mzee Salumu alikuja kumcheka. Alisimama na kofia yake ya kushonwa, akatikisa kichwa. "Mwanangu, wenzako wananunua kiwanja wanatafuta nyumba. Wewe umenunua nyumba isiyo na kiwanja." Lakini ni yeye huyohuyo aliyempa fundi wake, na fundi akahangaika hadi akaifunga gia boksi ya lori bovu lililokuwa limelala gerejini. Mambo ya karatasi za forodha yalimla Baba siku nyingine nyingi. Mwishowe gari likawaka, likatoa moshi mweusi, likatembea.

Sisi watoto tulikuwa wafalme. Foleni ilipangwa kuanzia mlangoni kwetu hadi kwenye kisima, na mimi nilikuwa msimamizi. Sharti la kuingia lilikuwa kuvua viatu, kwa wale waliokuwa navyo. Niliwaonyesha sinki dogo kama bakuli, meza inayogeuka kitanda, makabati yenye vifungo ili vikombe visidondoke, na mwisho kabisa nilifungua kile kijimlango na kuwaonyesha choo. Hapo ndipo kelele zilipolipuka. Choo ndani ya nyumba, hatua tatu kutoka jikoni! Habari ikamfikia Mama hukohuko nje. "Hao watu," akasema, "na umri wote ule, hawakuwa na aibu?" Baba akakigeuza choo kile kuwa stoo ya viazi, na mjadala ukaishia hapo.

Lakini Mama mwenyewe hakuingia. Mwezi mzima gari lilisimama uani, na yeye alilizunguka kama mtu anavyozunguka dimbwi. Alianika nguo kwenye kamba iliyofungwa kwenye kioo chake cha pembeni, ila ngazi ile hakuikanyaga. Usiku na mchana walisemeshana na Baba kwa maneno machache ya lazima: chakula tayari, maji yamechemka, mtoto anakohoa. Sisi tulioishi katikati yao tulijifunza kutembea kimya. Niseme kweli, niliogopa. Nilikuwa nimesikia kwa wenzangu shuleni nini hutokea baba na mama wakinyamaziana muda mrefu.

Kisha ikaja barua kutoka Mawengi.

Mama alikuwa Mpangwa wa Ludewa, kutoka Mawengi, huko juu milimani. Mama yake, bibi yetu, aliishi huko peke yake na mbuzi wake. Barua iliandikwa na katekista na kuletwa kwa mkono na kondakta wa basi. Ilisema Bibi ameteleza kwenye mteremko wa kisimani, ameumia nyonga, hawezi kusimama wala kukaa. Wanamtunza, lakini anahitaji hospitali, na basi haliwezi kumbeba mtu ambaye hawezi kukaa.

Mama alisoma barua mara mbili akiwa amesimama. Ilikuwa masika, mvua ilikuwa inanyesha ile nyembamba ya kwetu isiyokoma. Akaikunja, akaiweka ndani ya kitambaa cha kiunoni. Halafu akaliangalia gari.

"Kile kitanda cha humo ndani," akamuuliza Baba, "kinamtosha mtu mzima?"

"Kinawatosha wawili."

"Basi washa gari."

Ezekia akaanza kulia, akidhani anaachwa kwa jirani. Baba akamnyanyua akamketisha kwenye kiti cha mbele. "Hili si lori," akamwambia. "Humu wote tunaenda."

Hivyo ndivyo Mama alivyokanyaga ngazi ile kwa mara ya kwanza, na sufuria mkononi, bila kutazama kushoto wala kulia.

Njombe tulifika vizuri. Baada ya hapo ndugu zangu, mnaijua barabara ile ilivyokuwa kabla ya lami. Udongo mwekundu ukilowa ni sabuni. Kwenye mlima mmoja ambao jina lake sikulishika, gari letu lilianza kurudi nyuma polepole, kama mtu anayekataa ombi kwa heshima, likaegemea ukingo na kuzama hadi kwenye ekseli. Baba alishuka na koleo. Mvua ilimpiga mgongoni. Nilimwona akichimba, akiweka mawe, akichimba tena.

Wakaja watu waliokuwa wanapalilia mahindi jirani, wanaume na wanawake, kama kumi hivi. "Kamwene!" walisalimia, na Baba akaitikia huku akijifuta tope usoni. Hawakuuliza tunatoa nini. Walikata matawi, wakatandika chini ya matairi, wakasukuma. Tulikwama tena hatua ishirini mbele. Wakasukuma tena. Saa kumi jioni tulikuwa juu ya mlima, na kila mtu alikuwa amelowa chapachapa.

Mama alikuwa ndani. Gesi ya wale Wazungu ilikuwa imekwisha zamani, na kwetu haikupatikana, kwa hiyo Baba alikuwa ameweka jiko la mchina la mafuta ya taa. Nikasikia anawasha kiberiti, mara ya kwanza, mara ya pili. Baada ya muda harufu ya chai ya tangawizi ikatoka dirishani. Mlango ukafunguliwa. Mama alisimama pale juu ya ngazi, khanga imefungwa vizuri, akawaambia wale watu waliojaa tope hadi magotini:

"Karibuni ndani. Pitieni tu, msivue viatu. Nyumba yangu ni ndogo lakini tutaenea."

Baba alikuwa ameshika koleo. Nilimwona akigeuka upande wa bonde na kujifanya anakagua tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Walikunywa chai kwa zamu, vikombe vikiwa vinne tu. Viazi vilivyokuwa chooni vyote vilichemshwa na kuliwa kwa chumvi. Usiku ule tulilala wanne kwenye kitanda cha wawili, na ndipo nilipojua kwamba baba yangu anakoroma. Nilikuwa na miaka kumi, na nilikuwa sijui.

Kesho yake tulifika Mawengi, na Bibi alibebwa kwa machela ya mianzi kutoka kwake hadi barabarani, vijana wanne wakimshusha mteremkoni hatua kwa hatua. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Hakulia, alikuwa anauma kona ya khanga. Walipomwingiza na kumlaza kitandani, akaangaza macho kwenye yale mapazia ya njano, akamuuliza Mama jambo kwa Kipangwa. Nilimwomba Mama aniambie amesema nini.

"Anauliza ni nyumba ya nani."

"Ukamwambia nini?"

"Nimemwambia ni ya baba yako na mimi."

Kurudi, Baba aliendesha kama amebeba mayai. Kila shimo alilijadili moyoni kabla ya kulikanyaga. Kitanda kilikuwa sambamba na dirisha, na Bibi alipolala kichwa chake kilikuwa usawa wa kioo. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika mito isisogee. Mvua ilikuwa imekatika, na milima ya Ludewa ilikuwa imeoshwa, ya karibu kijani, ya mbali bluu, mawingu yamelala mabondeni. Bibi alitazama kwa muda mrefu. Akagonga ukuta kwa kidole, Mama akamwambia Baba asimame. Akatazama. Akasema, na safari hii Mama alinitafsiria bila kuombwa, sauti yake ikiwa imebadilika:

"Anasema njia hii ameipita tangu akiwa msichana, na kila mara alikuwa na mzigo kichwani, anatazama miguu yake asijikwae. Anasema, kumbe kwetu ni kuzuri hivi."

Tulisimama mara tano kabla ya kufika Njombe. Baba hakunung'unika hata mara moja, yeye ambaye kwenye lori aliwahi kumwacha utingo kwa kuchelewa kunywa chai.

Hospitalini Bibi alikaa wiki nyingi. Mlinzi wa pale, mtu mwema, alituruhusu kuegesha nyuma, karibu na pale ndugu wa wagonjwa walipokuwa wakipikia nje kwenye mafiga, moshi machoni na mvua kwenye sufuria. Haikupita siku mbili jiko la Mama likawa la watu wote. Uji wa mtu wa Lupembe ulipikwa pale, na supu ya mtu wa Makete, na maji ya kumwogesha mtoto wa mama mmoja ambaye hatukuwahi kujua anatoka wapi. Mama alipanga zamu na alizisimamia kwa ukali. Baba alipopita na lori akielekea safari, alikuta nyumba yake imejaa wageni, akacheka peke yake, akaacha mafuta ya taa na kuondoka.

Bibi akasimama. Kwanza kwa kushikwa, kisha kwa mkongojo. Likizo ya Juni ilipofika, Baba aliomba ruhusa kwa Mzee Salumu, ruhusa ya kwanza ninayoikumbuka, tukamrudisha Mawengi.

Safari ile, wenzangu, ndiyo utoto wangu. Tulitumia siku tatu kwa njia ambayo ingeweza kuisha kwa siku moja, kwa sababu kila palipokuwa pazuri Bibi aligonga ukuta. Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa barafu, ukizikanyaga zinalia kama sukari. Tulivaa masweta mawili mawili. Tulichoma viazi kwenye majivu, tukala na parachichi na chumvi, tukacheza rede na watoto wa vijiji ambao hatukujua majina yao na ambao walitushinda bila huruma. Baba alimenya vitunguu. Baba alifua soksi za Eze kwenye sinki lile dogo kama bakuli. Alituonyesha jinsi ya kusikiliza injini kwa kuweka bisibisi sikioni, na Eze akawa anamfuata kila hatua, "Baba hiki nini, Baba hiki nini," mpaka Mama akasema, "Mwache baba yako apumue." Baba akajibu, "Niache aniulize."

Gari lile halikukaa nasi muda mrefu. Lilituvusha miaka miwili na kidogo, likatupeleka Lupembe kwa shangazi wakati wa kuchuma chai, likatupeleka Mawengi mara mbili nyingine. Kisha gia boksi ya kuazima nayo ikachoka, na vipuri vya injini havikupatikana tena popote. Mfanyabiashara mmoja wa Njombe akalinunua, akalipa mapema, akasema akija kulichukua ataikata ile nyumba aifanye mgahawa. Kwa fedha hizo, na nyingine alizoongeza Baba, nyumba ya Yakobi ikapata paa, na sote tukahamia, gari nalo likavutwa hadi uani pale kumsubiri mnunuzi.

Siku walipokuja kulivuta, Mama alikuwa ameshalifagia ndani na kufua mapazia. Alisimama getini hadi lilipokunja kona. Kisha akaingia ndani ya nyumba yake ya matofali, yenye mabati yanayong'aa, akalia kama aliyefiwa. Baba akakaa naye. Mwaka uleule aliacha safari ndefu, akaanza kupakia viazi vya hapahapa, Njombe na Makambako, kila jioni yuko nyumbani. Kipato kilipungua, sikatai. Sukari tulianza kuipima kwa kijiko. Bibi aliishi miaka tisa zaidi, na alikufa kwake, amelala, mbuzi wakiwa wameshafungiwa.

Leo vijana wetu wanasafiri vizuri kuliko sisi, na sioni sababu ya kuwaonea wivu wala kuwasema sana. Kidogo tu. Safari wanaiita rodi tripu, wanaipiga picha kabla haijaanza, na wakifika hawajui wamepita wapi kwa sababu macho yote yalikuwa kwenye simu. Krismasi iliyopita niliwabeba wanangu kwenda Mawengi. Babu yao alikaa mbele, siku hizi miguu inamsumbua, na Eze, ambaye sasa ana mvi, ndiye aliyeendesha. Lami imekwenda mbali kuliko nilivyodhani. Binti yangu alitoa spika ya sikio moja mara moja tu, kuuliza mtandao umeenda wapi. Milima ilipita pembeni, ya karibu kijani, ya mbali bluu. Eze alipunguza mwendo mahali fulani, akamtazama Baba, lakini gari la nyuma lilipiga honi, naye akakanyaga mafuta.

Tulifika saa sita mchana, chai ya asubuhi ikiwa bado moto kwenye chupa. Watu walitusifu kwa kuwahi. Enzi zetu, saa kama ile, tungekuwa bado tuko juu ya mlima fulani tusioujua jina, tunamenya viazi, na hakuna hata mmoja wetu ambaye angetaka kufika.